Mali Bila Daftari: Kwa Nini Waokoaji wa Mbwa Hukorofishana

Ukifuata ufuo kutoka Diani kwenda kusini, ukapita Galu na Kinondo mpaka mkabala wa kisiwa cha Chale, hutakosa mbwa. Wapo wenye ukosi shingoni, wanaotembezwa jioni na wenye nyumba za ufuoni. Wapo wa walinzi na wa wafugaji, wanaoachiwa wajitafutie mchana kutwa. Wapo pia mbwa koko, wanaoishi kwa mabaki ya jikoni za mahoteli na majaa ya Ukunda. Na kila palipo na mbwa wa namna hii hutokea watu wa kuwahurumia: mwenyeji mwenye ua mkubwa, mgeni aliyestaafu, kijana wa hoteli, daktari wa mifugo anayetibu kwa nusu ya bei. Hawalipwi, hutoa pesa zao mfukoni, na mara nyingi huchekwa na majirani. Mtu angedhani walioungana katika huruma kiasi hicho wangepatana kwa urahisi. Kumbe vikundi vya kuokoa mbwa, popote duniani, vina sifa ya kuparaganyika kwa fitina: huyu mwizi, yule muuaji, yule mwingine anatafuta umaarufu tu. Ninavyoona, chanzo cha fitina hizi si ubaya wa roho za watu. Chanzo ni kazi nzito kufanywa bila kumbukumbu, bila hesabu ya wazi na bila mahali pa kupeleka malalamiko. Kwa hiyo kuwahubiria watu wapendane hakutasaidia sana. Daftari na baraza vitasaidia.

Ukichunguza magomvi ya waokoaji wa mbwa, yawe ya Kenya, Uingereza au Marekani, utakuta yanazunguka mambo manne. La kwanza ni pesa: nani alichangisha, kwa picha ya mbwa yupi, na zimekwenda wapi. La pili ni kifo: nani ana haki ya kuamua kwamba mbwa fulani adungwe sindano ya mwisho. La tatu ni makao: mbwa amepewa nani, na je, huyo anafaa. La nne ni sifa: nani alimwokoa, na nani alitokea baadaye kupigwa picha naye. Katika manne hayo, kifo ndicho kinachochoma zaidi. Tuseme mbwa amegongwa na gari kwenye barabara ya Ukunda kwenda Lunga Lunga. Uti wa mgongo umevunjika, miguu ya nyuma inaburuzika, mkojo unamtoka bila yeye kujua. Daktari anambana kidole cha mguu kwa koleo kupima hisia. Mbwa hageuzi hata shingo. Uamuzi unakatwa saa tisa alasiri, chumbani wakiwa watu wawili. Jioni aliyemwokota barabarani anauliza hali ya mgonjwa, anajibiwa kwa neno moja: amekufa. Usiku swali ni kwa nini hakutibiwa. Kufikia asubuhi swali limeshageuka jawabu: huwaua ili wapunguze gharama. Katika mlolongo huo hakuna aliyekusudia kusema uongo. Kila mmoja ameziba pengo kwa kile alichokuwa akikiogopa. Karatasi moja yenye saa, matokeo ya kipimo, jina la daktari na sababu ya uamuzi ingeukata mlolongo huo mwanzoni.

Pengo hilo lina nguvu kwa sababu wanaolibeba wamechoka. Mwaka 1994 mwanasosholojia wa Marekani Arnold Arluke alieleza mkanganyiko unaowakabili wafanyakazi wa makao ya wanyama: waliingia kazini kwa mapenzi ya wanyama, na kazi hiyohiyo inawataka wawaue baadhi yao. Mtu anayeishi na mkanganyiko huo hutafuta pa kuutua. Anayepinga kuua humwona mwenzake hana moyo. Anayekubali kuua humwona mwenzake hana akili, kwa kuwa anajaza ua mbwa wanaoteseka. Wote wawili wanasukumwa na huruma, na ndiyo maana ugomvi wao huwa mkali kuliko ule wa wafanyabiashara wawili wanaogombea faida. Mwenye kugombea faida hupima hasara akaacha. Mwenye kuamini kwamba anatetea uhai wa asiyeweza kusema haoni sababu ya kurudi nyuma.

Jinsi uvumi unavyozaliwa imekuwa somo la wataalamu kwa muda mrefu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walichapisha mwaka 1947 kitabu kilichotoa kanuni fupi: uvumi huenea kwa kadiri ya uzito wa jambo, ukizidishwa na kiasi cha giza lililolizunguka. Kwa vile ni kuzidisha, kimojawapo kikiwa sifuri, uvumi haupo. Mwaka huohuo, Mombasa iliishuhudia kanuni hiyo bila kusoma kitabu. Umati ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa uvumi wa mumiani, kwamba wazimamoto walikuwa wakikamata watu na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White, aliyezikusanya habari za aina hiyo kutoka Kenya, Uganda na kwingineko katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, hakuridhika na kuziita ujinga. Alizisoma kama ushahidi wa maisha ya ukoloni: watu waliona magari, sare, mipira ya maji na milango iliyofungwa, na hakuna aliyewaeleza kilichokuwa kikiendelea. Walikuwa wanajua jambo moja la kweli, kwamba wenye nguvu wanafanya mambo juu yao bila kuwauliza. Mengine waliyajaza wenyewe.

Kanuni hiyo inafaa kuletwa kwenye mbwa wetu. Uzito wa jambo hauwezi kupunguzwa, kwa maana hakuna atakayewaomba watu wa huruma wapunguze huruma. Kinachoweza kupunguzwa ni giza. Gari linalopita alfajiri likiwa na nyavu, likachukua mbwa watano na kurudisha watatu, bila mtu kuambiwa habari za wale wawili, linaandaa uvumi kwa mikono yake. Kama wale wawili walikutwa na uvimbe usiotibika, au wamepata makao Kilifi, habari hiyo ina thamani ikisemwa siku hiyohiyo. Ikisemwa baada ya wiki mbili, uvumi ukiwa umeshatapakaa, itapokewa kama utetezi wa mshitakiwa.

Pesa ndizo zinazodai mwanga kuliko yote. Siku hizi mchango hautembei na bahasha. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu aliyeko Nairobi anaweza kutuma shilingi mia tano kwa mbwa aliyemwona pichani dakika chache zilizopita, na aliyeko ng'ambo naye ana njia zake. Urahisi huo una mtego wake: pesa za mbwa wengi huingia kwenye simu ya mtu mmoja, zikachanganyika na za unga na za karo, mpaka hata aliye mwaminifu kabisa anashindwa kuuthibitisha uaminifu wake. Wahenga walilimaliza neno: mali bila daftari huisha bila habari. Na tuangalie uvumi mmoja ulio mwepesi kuzuka katika mji wa utalii, kwamba kupeleka mbwa Ulaya ni biashara ya siri. Mbwa anayetoka Kenya kuingia nchi za Umoja wa Ulaya lazima awekewe chipu ya utambulisho, achanjwe kichaa cha mbwa, atolewe damu siku zisizopungua 30 baada ya chanjo ili kinga yake ipimwe katika maabara inayotambuliwa na Umoja huo, kisha asubiri miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Ongeza chakula cha muda wote huo, sanduku la kusafiria na nauli ya ndege. Hesabu hiyo ikibandikwa ukutani, kipengele kwa kipengele, anayetafuta faida ndani yake ataitafuta sana. Isipobandikwa, mtu wa Ukunda anayemwona koko aliyefukuzwa majuzi kwa mawe akipanda ndege ana haki ya kushangaa, na mshangao usiojibiwa hugeuka shutuma.

Kwamba uwazi hutuliza mambo, ushahidi wake uko hapahapa, wala hauhusu mbwa. Mwaka 1995 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale. Nia ilikuwa kulinda matumbawe na samaki. Wavuvi na wakazi wakaipinga, wakihofia kwamba maeneo yao ya uvuvi yanapokonywa, na kwa miaka mingi hifadhi hiyo ikabaki jina tu. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Watu waliokwisha kuona ardhi ya ufuo ikienda kwa wenye mahoteli hawangeamini kwa neno tupu kwamba bahari itasalimika. Sasa tazama Ghuba ya Gazi, inayokingwa mawimbi na rasi ya Chale. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Fedha zinatoka ng'ambo, kitu kinachouzwa hakionekani kwa macho, na wataalamu wa kigeni wamo: masharti yote ya uvumi yametimia. Lakini mapato yamekwenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni, wanakijiji wakishirikishwa katika kuamua, na taarifa ya mradi hutolewa mwaka hadi mwaka. Watu ni walewale wa kusini mwa Pwani. Tofauti kubwa ni kwamba Gazi waliulizwa, kisha wakaonyeshwa matokeo. Hata kanuni za mwaka 2007 za vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo wavuvi wetu wanavijua vizuri, zinataka wanachama waandikishwe na viongozi wachaguliwe. Ikiwa mvuvi wa ngalawa anaweza kuendesha kikundi chenye rejista na mkutano mkuu, mwokoaji wa mbwa hana udhuru.

Pengine msomaji asiyependa mbwa atauliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria vifo vya watu 59,000 kwa mwaka duniani kutokana na ugonjwa huu, karibu vyote kwa kuumwa na mbwa, na karibu wanne kati ya kila kumi wanaoumwa ni watoto. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemewa. Kinga ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kukimbilia hospitali kupata chanjo, na juu ya yote kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70 ili ugonjwa ukose pa kupita. Kenya ina mkakati wa kuutokomeza, wa mwaka 2014 hadi 2030. Pemba imeonyesha kwamba inawezekana, na imeonyesha pia gharama ya kulegea. Kampeni za chanjo zilizorudiwarudiwa ziliukata ugonjwa kisiwani humo mwaka 2014, ukarudi 2016, chanjo ikaongezwa nguvu, ukakatwa tena 2018. Chanjo ya aina hiyo haiendi kwa amri. Inakwenda kwa mtoto anayemkokota mbwa wa baba yake kwa kamba ya katani mpaka uwanja wa shule, na kwa baba aliyemruhusu. Baba akisikia kwamba wenye sindano ni wezi wa mbwa, au kwamba wao kwa wao wanaitana wauaji, kamba haitafungwa. Na siku mbwa atakapouma mtu, daktari wa hospitali ya Msambweni atataka kujua mambo mawili: mbwa huyo amechanjwa, na je, yu hai baada ya siku 10 za kuangaliwa? Kikundi kilichopasuka vipande vitatu, kila kipande kikificha kumbukumbu zake kwa mwenzake, hakiwezi kumjibu.

Wapo watakaosema kwamba tunawabebesha watu wa kujitolea mzigo wa makaratasi ambao hata maofisi yanayolipwa yanaushindwa. Mbwa anavuja damu, nawe unataka fomu? Hoja hii ina ukweli wake, na sheria zenyewe zinaukubali kwa kupanga ngazi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2024, ni ya mashirika yaliyokomaa. Kikundi kidogo cha mtaani kinaweza kujiandikisha chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022. Lakini hata chini ya ngazi hiyo, daftari la mistari linatosha: tarehe, mbwa, alipookotwa, aliyemleta, alichofanyiwa, alikokwenda, kilichotumika. Mstari mmoja huandikwa kwa dakika mbili. Gharama ya kutouandika ilionekana Marekani baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005. Waokoaji waliofika New Orleans walikusanya maelfu ya wanyama kwa haraka, wengi wakasafirishwa majimbo ya mbali na kupewa watu wapya. Wenyewe waliporudi kuwatafuta, kumbukumbu nyingi zilikuwa pungufu au hazipo. Wenye mbwa wakawaita waokoaji wezi, waokoaji wakawaita wenye mbwa watelekezaji, na kesi zikafika mahakamani. Nia ya waliookoa ilikuwa njema, lakini nia njema haikuweza kumweleza mtu mbwa wake yuko mji gani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Watetezi wa uvumi watasema umbea ndio polisi wa wanyonge: bila minong'ono, mla michango angeendelea kula, na anayerundika mbwa hamsini katika ua mmoja angeendelea kusifiwa. Ni kweli kwamba wezi wapo, na mara nyingine mnong'ono ndio uliowafichua. Ila polisi huyu ana kasoro: humkamata yeyote aliye karibu. Hamtofautishi aliyekula pesa na aliyekosa risiti, wala aliyeua kwa uzembe na aliyemwondolea mnyama mateso. Tena humsaidia mwizi, maana palipotukanwa watu wote, tuhuma ya kweli hupotea ndani ya zile za uongo, na aliyeiba hujitetea kwa kusema hata fulani mwaminifu ameitwa mwizi. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi jamii zinavyosimamia mali ya pamoja, aliona kwamba zilizodumu zilikuwa na sifa zinazofanana, mojawapo ikiwa ni njia ya karibu, ya haraka na isiyo na gharama ya kuamua ugomvi. Wadigo na Wamijikenda wenzao hawakuhitaji kuambiwa hilo. Ngambi, baraza la wazee, lilikuwa na kazi hiyo. Anayelalamika hutaja jambo mbele ya anayelalamikiwa, mashahidi husikilizwa, uamuzi hutolewa, na mambo huisha. Kikundi cha mbwa kinaweza kuteua watu watatu wasioshika pesa wala sindano, mmoja wao akitoka nje ya kikundi, na kuweka kanuni kwamba tuhuma ipelekwe kwao ndani ya siku saba pamoja na jina la mlalamikaji. Wenye ushahidi watafurahi kupata mlango. Wasio nao watalazimika kunyamaza au kujulikana.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa sauti ya chini: kwamba mbwa ni najisi, na kwamba haya ni mambo ya wazungu wa ufuoni. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hakuna anayemtaka mtu aiache dini yake. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na hadithi sahihi zinamtaja aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Najisi inahusu tohara ya mtu, haimpi ruhusa ya kumtesa mnyama wala kumwacha mtoto wa jirani afe kwa kichaa. Kuhusu uzungu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, likitaja waziwazi leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hiyo mtu wa kujitolea anafanya sehemu ya kazi ya umma bila kuwa na mamlaka ya umma. Hapo ndipo penye mzizi wa mengi. Afisa anapokosea kuna ofisi ya kumshitakia. Anapokosea wa kujitolea, kimebaki kisogo cha kumsengenyea.

Ndiyo maana jukumu halimwangukii mwokoaji peke yake. Serikali ya Kaunti ya Kwale, kupitia idara yake ya mifugo, inaweza kutaka mambo matatu kutoka kwa kila kikundi kinachokamata, kuhasi au kugawa mbwa: daftari la mbwa linaloweza kukaguliwa, akaunti ya kikundi isiyo simu ya mtu, na taarifa ya matumizi inayobandikwa kila baada ya miezi mitatu mahali watu wanapopita. Nayo kaunti itoe kitu badala yake: barua ya utambulisho, daktari wa kuthibitisha vifo, na nafasi katika mipango ya chanjo. Wanaochangia nao wana wajibu wao. Mtu anayetuma pesa kwa sababu picha ilimliza, asiulize lolote mpaka atakaposikia uvumi, ameshiriki kuukuza uvumi huo. Aulize kwanza daftari liko wapi, na akiambiwa halipo, atume pesa zake kwa anayeliandika.